Vyuma Sita vya Muzee Josias

Wivine alikuwa anafua nguo mbele ya hema pale Kanyaruchinya, saa sita za mchana, alipomwona Hilaire anakuja kati ya mistari ya mahema akiwa amebeba upinde wa baba yake. Aliubeba kwa mikono miwili, umelala, jinsi watu wanavyobeba mtoto anayepelekwa kubatizwa. Hapo hapo Wivine akajua. Tangu azaliwe hakuwahi kuona mkono wa mtu mwingine ukiushika upinde ule njiani.

Hilaire alisimama mbele ya beseni. Kofia alikuwa ameivua.

"Mama Wivine."

"Ongea."

"Tukae kwanza."

"Minasikia hata nikisimama."

"Muzee ametuacha. Ni nyati. Kule juu, kupita Kibati, kwenye mashamba ya viazi. Banamuleta na chukudu."

Wivine alimaliza kukamua shati alilokuwa nalo mkononi. Lilikuwa la baba yake. Akalikung'uta, akalianika kwenye kamba, akainyoosha mikono ya shati ili isikauke imejikunja. Kisha akauliza swali ambalo majirani waliosogea walishangaa kulisikia kabla ya machozi.

"Alipiga na mshale gani?"

Hilaire akatazama pembe ya hema, pale kamba ya turubai ilipofungwa kwenye kipande cha chuma kilichopigwa ndani ya ufa wa jiwe. Wivine naye akatazama palepale, akakaa chini kwenye maji ya sabuni.

Muzee Josias alikuwa mtu wa Rugari, kwenye barabara ya Rutshuru, mkulima wa maharage na mahindi kama jirani zake wote. Kwa miaka ishirini na mitatu alipiga kengele ya kanisa la mtaa wao, na siku alizougua Jumapili watu walichelewa misa. Lakini mbali na Rugari, mpaka upande wa Bunagana, walimjua kwa jambo moja: mtu ambaye nyati ameingia shambani kwake alikwenda kwa Josias kuchaguliwa upinde na mishale.

Kuna wenye pinde wengi. Upinde wa kufukuza nyani, wa kutafuta kanga, wa kujionyesha siku ya arusi, wowote unafaa. Wa nyati ni kazi nyingine, maana huyo ukimkosea anakurudia, na anarudi akijua anamtafuta nani. Muzee hakuingia mbugani. Askari wa mbuga walimjua, walimsalimu kwa jina. Alingoja mnyama atoke mwenyewe, avunje mashamba, azibe njia ya kisima, ndipo watu waje kumwita. Siku moja alikuja mvuvi kutoka ziwani akitaka vifaa vya kiboko. Muzee akampa chai, akamwambia kiboko si kazi ya upinde, arudi salama. Wengine walimuuliza juu ya tembo. "Tembo sijui," alijibu, na hakuona haya kusema hivyo.

Aliyekuja kwake alitaka kuziona pinde kwanza. Zilikuwa tisa, zimetundikwa ukutani. Hivyo ndivyo alivyofanya Hilaire mwenyewe zamani, alipokuwa ameoa juzijuzi na mahindi yake yote yamekanyagwa. Aliingia, akasalimu, akaenda moja kwa moja kwenye ule mnene kuliko yote. Wivine alikuwa jikoni, mlango wazi, akasikia kila neno.

"Huo ni wa mukono wa nani?" Muzee aliuliza.

"Wangu, Muzee."

"Basi vuta, ushikilie hapo. Anza Baba Yetu. Ukifika Amina, utashusha."

Hilaire akavuta, mishipa ya shingo ikamtoka, akaanza sala kwa mbio zote.

"Rudia," Muzee akasema. "Wewe unaomba Mungu ao unauza nyanya kwenye barabara?"

Akarudia. Alipofika kwenye mkate wa kila siku, mkono ukaanza kucheza. Kwenye makosa yetu, upinde wote ukawa unatetemeka. Hakufika majaribuni.

"Unaona," Muzee akamwambia, akimpokea upinde taratibu. "Nyati atakusimamia uso kwa uso, na uso wake haupigwi, mifupa yote iko pale. Unamungoja ageuze ubavu, atangulize mguu wa mbele, ndipo nyuma ya bega panafunguka. Kungoja kule kunaenea Baba Yetu moja, ya mutu asiye na haraka. Upinde usioweza kuushika mpaka Amina si wako. Ni wa kaka yako, kama uko na kaka."

Akampa mwembamba zaidi. Hilaire aliona ni kudharauliwa, lakini kwa ule alifika Amina.

Baadaye ukaja mshale, na hapo ndipo Muzee alipochukua muda. Alikuwa na mizani yake: kijiti kilichofungwa uzi katikati. Upande mmoja alining'iniza betri moja kubwa ya radio, iliyokwisha moto, na upande wa pili mshale. Mshale wa nyati ni lazima uiinue betri. Ukipanda juu, aliuweka kando, hata uwe mzuri namna gani. Mbavu za nyati ni pana, zimekaribiana, ngozi yake ni kama ya kiatu cha askari. Bati jembamba lenye mabawa makubwa linajikunja pale juu, lakini chuma kisicho na mabawa, kinene, chenye makali pande mbili, kikisukumwa na uzito wake, kinapita. Vyuma vya namna hiyo vilifuliwa na mhunzi mmoja tu wa Rugari, kimoja kwa siku nzima. Muzee alikuwa navyo sita, virefu kama kidole cha kati, vimepakwa mafuta ya ng'ombe, ndani ya mfuko wa ngozi nyuma ya kitanda.

"Upinde wa kadiri na mshale muzito, nenda," aliwaambia. "Upinde mukubwa na mshale mwepesi, bakia nyumbani. Mshale mwepesi haumuui. Unamuita tu."

Wivine alikuwa mtoto wake wa kwanza, na baada ya kufiwa na mume alirudi kuishi naye. Mdogo wake, Édouard, alikaa Goma, akiendesha pikipiki ya abiria. Édouard alijaribiwa kwa Baba Yetu tangu akiwa na miaka kumi na saba, pinde zote tisa, na hata siku moja hakufika Amina. Alicheka, alitania, alikohoa katikati. Muzee hakumpa upinde, na Édouard akasema mjini hakuna nyati, akaenda zake. Mama yao alipokuwa hai alizoea kusema kwamba Mungu alimwonea huruma, akamwachia angalau mwanamume mmoja asiyekwenda kusimama mbele ya pembe. Wivine alilishika neno hilo. Kila mara baba yake alipotoka na upinde alipiga magoti, akashika rozari, wala hakuinuka mpaka asikie kikohozi chake nje.

Ndipo vita vikarudi. Mwezi wa kumi wa mwaka ule mabomu yalianguka upande wa juu, na kabla ya saa nne za asubuhi Rugari yote ilikuwa barabarani, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba. Muzee alikataa kuacha vitu vitatu. Upinde wake aliufungua kamba, akautembelea kama fimbo, ili kwenye vizuizi vya barabara asiulizwe. Mfuko wa ngozi alimpa Wivine, akauficha chini ya unga. Mishale myepesi minne ya kanga aliifunga ndani ya mkeka. Pinde zingine nane zilibaki ukutani.

Kanyaruchinya ni mawe. Moto wa mlima ulipita pale zamani, ukapoa, na juu ya mawe hayo meusi ndipo watu walipoambiwa wajenge. Turubai walipewa. Vigingi vya mti vilivunjika, vipya navyo vikavunjika, na upepo wa alasiri ulilibeba turubai mpaka kwa jirani mara mbili katika wiki moja. Mara ya tatu ilikuwa mvua. Muzee alikuwa misa. Wivine alisimama ndani ya maji, akiwa ameshika pembe ya turubai kwa meno, akaukumbuka mfuko wa ngozi.

Alivitoa vyuma sita. Akachukua jiwe, akavigonga kimoja kimoja ndani ya nyufa, kwa nguvu ambazo hakujua anazo, makali yakiruka cheche. Vikaingia mpaka shingoni. Akafunga kamba, turubai likatulia.

Hiyo ilikuwa sababu moja, na ilikuwa ya kweli. Lakini palikuwa na sababu nyingine, na yeye aliijua wakati mkono unagonga. Mama Émérance, jirani wa hema la pili, alikuwa amemwambia asubuhi ileile kuwa ana misumari mirefu ya kuazima. Wivine hakwenda kuichukua. Alipiga vyuma vile ili visiwe mishale tena. Alikuwa amechoka kupiga magoti.

Muzee aliporudi alizunguka hema. Alichuchumaa penye kila pembe, akagusa kila chuma kwa kidole, vyote sita. Wivine alingoja agombe.

"Umepiga muzuri, Wivine," akasema. "Havitatoka."

Akaingia ndani kubadili nguo, na habari ile hakuirudia mpaka mwaka wa pili.

Mwaka wa pili chakula kilipungua, na wanawake wakaanza kupanda kwenye mashamba yaliyoachwa, kupita Kibati, kuchimba viazi vitamu na majimbi ya watu wasiojulikana wako wapi. Huko alikuwepo nyati dume, peke yake, mguu wa nyuma umepigwa risasi ya vita. Mnyama wa namna hiyo haendi mbali na hasahau. Alikuwa amekwisha kumuumiza mchoma makaa mmoja, akamvunja nyonga. Bunduki isingeweza kutumika: anayepiga risasi moja kule, pande zote mbili zinamjibu. Basi wanaume saba walikuja kwenye hema la Muzee, Hilaire mbele, nao wakaomba wachaguliwe vifaa.

Muzee alifurahi, na Wivine aliiona furaha ile. Aliuvalisha upinde kamba yake, akawapima mmoja mmoja hapo nje, watu wakajaa kutazama. Mmoja aliishia ufalme wako uje.

"Huyu tumupeleke kwa bata," Émérance akasema kutoka hema lake, na kambi yote ikacheka.

Hilaire peke yake ndiye aliyefika Amina. Kisha Muzee akatoa betri yake na uzi. Akaitundika mishale ya kanga, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Yote ilipanda juu. Akaenda kwenye pembe ya hema, akachuchumaa, akakishika chuma kimoja na kukitikisa. Hakikutikisika, na hata kingetoka kingekuwa butu, makali yameliwa na jiwe, kichwa kimepanuka kwa kugongwa. Cha kukifua upya ni moto wa mhunzi, na mhunzi alikuwa amebaki ng'ambo ya vita.

Wivine alisimama mlangoni, kitambaa mdomoni. Muzee hakumtazama.

"Hatuendi," akawaambia wanaume. "Upinde tunao, mutu tunaye. Mshale hauko."

"Muzee, hata huu mwepesi, ukipiga pazuri..."

"Hilaire, mimi nilikufundisha nini?"

"Unamuita tu."

"Basi rudini nyumbani."

Hawakwenda. Lakini viazi vilikuwa kule, na wanawake waliendelea kupanda. Kwa hiyo Muzee akaanza kuwasindikiza, pamoja na Hilaire na vijana wachache. Alijua kusoma upepo, alijua mahali ambapo dume linalala mchana, aliwapitisha mbali. Upinde aliubeba pamoja na mishale minne ya kanga. Wivine alimuuliza ya nini. "Ni mazoea," akajibu. "Minaenda kuchunga njia tu." Wiki tatu alikwenda na kurudi, na Wivine akaacha kupiga magoti. Siku ile alifua.

Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilifika saa tisa. Vijana wanne waliisukuma, Muzee amelala juu ya mbao, amefunikwa kitenge cha Émérance. Émérance mwenyewe alitembea nyuma, mguu wake mmoja umefungwa kitambaa, kifuko cha viazi bado kiko mgongoni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumtua.

Wanawake walimwosha Muzee. Wivine alimvika lile shati lililokuwa limekauka. Mfukoni mwa suruali alikuta betri. Walipomaliza alitoka, akamwita Hilaire.

"Sasa niambie."

Hilaire alikaa juu ya jiwe. "Upepo uligeuka. Alitoka kwenye majimbi, hatua kumi na tano hivi. Mama Émérance alianguka, mguu umeingia kati ya mawe, hautoki. Nyati aliinamisha kichwa kwake. Muzee alikuwa pembeni, mahali pazuri. Angeweza kubakia pale."

"Halafu?"

"Akavuta. Akapiga nyuma ya bega, pale penyewe. Mshale uliingia vidole viwili, ukagonga ubavu, ukaanguka. Nyati akamwacha mama, akageukia kwake. Muzee akapiga wa pili. Sisi tulimvuta mama."

"Kama kingekuwa kile chuma kizito?"

Hilaire akapima kwa macho, kutoka pale alipokaa mpaka pembe ya hema.

"Kwa hatua zile, pale alipopiga," akasema, "kingepita. Siwezi kukudanganya, mama."

Wivine akaitika kwa kichwa. Alimshukuru, na shukrani yake haikuwa ya mdomo tu, maana tangu mchana watu wote walikuwa wanamwambia ni mapenzi ya Mungu, naye aliogopa kumwekea Mungu jambo alilofanya kwa mikono yake.

Kisha akaenda kwenye pembe ya hema. Alitaka vyuma vile viende kaburini na mwenyewe. Alivuta kwa mikono, akavuta kwa kamba, akagonga kwa jiwe huku na huku. Kimoja kikatoka, kimepinda. Vitano havikutoka. Émérance alikuja akichechemea, akamshika mikono iliyokuwa inavuja damu.

"Acha," akamwambia. "Yeye alisema havitatoka. Minaishi upande wa pili wa turubai, minasikia yote. Misumari nilikuambia, haukuja. Nilijua kwa nini. Hata yeye alijua."

"Alikuambia?"

"Aliniambia: mutoto wangu ananipenda vibaya, lakini ananipenda."

Hapo ndipo Wivine alipolia.

Asubuhi, kabla ya mazishi, alikwenda kwa padri nyuma ya hema la kanisa, akasema yote, vyuma, misumari, na kuchoka kwake. Padri alimuuliza kama alijua nyati atakuja. Akasema hapana, alijua tu kwamba hataki baba yake aende tena. "Basi tubu hilo," padri akasema, "lingine usijiongezee." Akamwondolea dhambi. Wivine aliondoka akiwa na msamaha na uzito vyote viwili, na hakushangaa.

Walimzika upande wa Kibati, penye udongo kidogo kati ya mawe. Kaburi lilichimbwa kwa sururu tangu alfajiri na bado lilikuwa fupi kwa kina, kwa hiyo walirundika mawe tayari pembeni. Édouard alikuwa amefika kutoka Goma, amevaa koti la mvua la kuendeshea pikipiki. Hakuwa na lingine. Padri alisoma, akanyunyiza maji. Alipofika kwenye Baba Yetu, Hilaire alimkabidhi Édouard upinde wa baba yake, umefungwa kamba, bila mshale.

Édouard akaelewa. Akavuta, akashikilia.

Watu wa Rugari waliokuwepo nao walielewa, na hakuna aliyeikimbiza sala. Walitamka kila neno. Kwenye mkate wa kila siku mkono wa Édouard ulianza kucheza. Kwenye makosa yetu upinde wote ulikuwa unatetemeka, na Wivine alifumba macho, asiweze kutamka, kisha akatamka. Édouard hakucheka wala kukohoa. Walifika majaribuni. Walifika maovuni. Wakasema Amina.

Édouard aliushusha taratibu, bila kuiachia kamba, jinsi alivyofundishwa, kwa sababu upinde ukiachiwa mtupu unapasuka.

Wivine akaifungua kamba. Akaizungusha kwenye kile chuma kilichopinda, akapiga magoti, akaviweka juu ya sanduku pamoja na betri. Upinde mwenyewe alimwachia Édouard, arudi nao mjini kama fimbo. Akatupa udongo mara tatu kwa mkono. Wengine wakatupa. Halafu wanaume wakaweka mawe, makubwa chini, madogo juu, na Hilaire akasimamisha msalaba wa mti. Padri akawabariki. Mvua ilikuwa inakaribia kutoka upande wa mlima, na watu wakashuka kwa miguu kurudi Kanyaruchinya.